Chumba cha Majike

1

Ng'ombe wawili walifika kijitoni saa nne na dakika kumi na mbili, wakainama kunywa katika sekunde ileile, wakainua vichwa katika sekunde ileile, na mmoja alipojikuna kwenye mti, mwenzake naye akajikuna. Restituta Ginwe aliyatazama hayo kwenye kompyuta huku chai yake ikipoa. Ng'ombe ni wanyama wa kuigana, lakini si kwa kiwango hicho. Hata pacha wa tumbo moja hupishana kupiga chafya.

Alirudisha kumbukumbu nyuma wiki moja, kisha mwezi, kisha miaka mitatu. Hereni za masikioni zilizotuma habari hizo, namba 0417 na namba 2260, hazikuwahi kutengana hata hatua moja. Kwa mujibu wa orodha ya Baraza la Uwanda, 0417 alikuwa maksai mwekundu wa miaka tisa, na 2260 mtamba mweusi aliyezaliwa mwaka ule wa mvua ya mawe. Wote wawili walikuwa wa zizi moja, na zizi lenyewe lilikuwa la mama yake.

Mtu mwingine angesema ni hitilafu ya mtambo, akaandika ripoti, akaendelea na chai. Resti hakuandika ripoti. Alizima kompyuta, akaimwaga chai, akaenda kuvaa.

Kuvaa kulichukua dakika ishirini. Ovaroli nyeupe kwanza, soksi nyeupe juu ya miguu ya ovaroli, utepe wa gundi kuzunguka vifundo vya miguu na mikono, kofia ya kubana nywele, na mwisho kioo kirefu cha ukutani ambacho mtu anatakiwa kujigeuza mbele yake akikaguliwa na mwenzake. Mwenzake aliondoka miaka sita iliyopita. Mwanzoni walikuwa wanne pale kituoni. Mmoja aliolewa, mmoja akapata kazi mjini, na wa tatu aliaga kwamba anakwenda kununua betri. Hadi leo yuko kwenye betri. Resti alijigeuza peke yake, akajikagua peke yake, akajiambia "safi", akafungua mlango wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

Humo ndani ndimo walimoishi kupe majike wa mwisho wa Uwanda wa Endalaghe, pamoja na madume wachache wa kuzaa nao.

Walikaa kwenye mitungi midogo ya kioo iliyofunikwa kwa kitambaa, wenye mgongo wa kahawia, wadogo kuliko punje ya mtama, wakisubiri zamu yao ya kula. Chakula chao kilisimama kwenye kona, juu ya nyasi kavu: ng'ombe mzee aliyeitwa Kengele, kwa sababu alipoletwa kituoni alikuwa amevaa kengele shingoni, na kengele hiyo bado ilining'inia kwenye msumari mlangoni. Kengele aliumwa ndigana kali akiwa ndama, enzi ambazo ndama wote waliumwa, akapona. Ugonjwa ulibaki umelala kwenye damu yake. Kupe aliyemnyonya yeye aliuchukua, na kwa hiyo humo chumbani mlikuwa na vitu viwili ambavyo havikuwepo tena mahali pengine popote uwandani: kupe, na ugonjwa wa kupe.

Kupe wengine wote waliondolewa na Mkato. Ndivyo watu walivyouita, ingawa kwenye vitabu ulikuwa na jina refu. Kwa kawaida mtoto huchukua nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama, na kasoro ya mzazi mmoja inaweza kupotea njiani. Mkato ulitengenezwa usipotee. Ukishaingia kwenye yai, unaukata uzi wa urithi wa upande wa pili na kujinakili hapo, kwa hiyo kila mtoto anao, na kila mtoto wa kike aliye nao hafiki utu uzima. Madume wanabaki. Wanakua, wanapata wake, wanazaa madume. Ikaenda hivyo kizazi baada ya kizazi, mpaka uwandani kukabaki madume matupu yaliyokaa kwenye ncha za majani yakisubiri jike asiyekuja, na hatimaye nayo yakaisha. Resti aliwahi kuyaonea huruma madume hayo, kisha akajiona mjinga.

Hiyo ilikuwa miaka kumi iliyopita. Josho la Endalaghe, ambalo zamani lilikuwa likinuka dawa hadi shuleni, sasa lilikuwa bwawa la bata. Watoto hawakujua kupe ni nini.

Alimvalisha Kengele mifuko ya kitambaa masikioni, akaweka majike ishirini katika kila mfuko, akaufunga kwa uzi. Ng'ombe alitikisa kichwa mara moja kwa desturi tu.

"Vumilia," Resti alimwambia. "Zimebaki siku tisa."

Barua ya Baraza ilikuwa imebandikwa mlangoni, na alikuwa ameikariri. Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa uwanda usio na kupe, Chumba cha Majike kitateketezwa kwa moto. Mtunzaji atakaa siku kumi na nne za kujisafisha, na baada ya hapo atakuwa huru kwenda apendako.

Apendako palikuwa mahali pamoja tu: kwa mama yake. Nyumba za kwao, zile za asili, zina paa moja: ng'ombe upande huu, watu upande ule, na joto lao linachanganyika. Aliyekatazwa zizi amekatazwa nyumba. Resti alishika kupe kila siku, na sheria ilimtaka mshika kupe akae siku kumi na nne safi kabla ya kukaribia ng'ombe wa mtu; na kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea zamu, hata enzi za wenzake, siku hizo kumi na nne hazikuwahi kupatikana. Aliingia kituoni akiwa na miaka thelathini na tano. Sasa alikuwa na arobaini na sita, na hakuwahi kulala kwa mama yake hata mara moja. Baba yake alipozikwa, alisimama kilimani akahesabu watu.

2

Jumapili mama yake alikuja kwenye uzio wa kituo kama kawaida, ameshikwa mkono na Boay, kaka yake Resti. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, lakini jiwe lake la kukalia alilifikia bila kuonyeshwa. Kati ya jiwe hilo na uzio palikuwa na hatua nane na kidimbwi cha dawa. Kanuni ya pale ilijulikana na wote: vitu huingia, havitoki.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Nimekula, Aayo." Ndivyo walivyowaita mama zao.

"Umekula nini?"

"Ugali na mlenda."

"Peke yako?"

"Na nani tena, Aayo."

Mama alijiweka sawa kwenye jiwe. Halafu akafungua mzigo wake, akatoa ngozi ya ndama, nyeupe yenye madoa, iliyolainishwa kwa siagi mpaka ikawa inakunjika kama kanga. "Ya kulalia," alisema. "Nimeitengeneza kwa vidole, macho hayasaidii tena. Nimekuwekea nafasi ukutani, pale ulipokuwa unalala zamani, karibu na ndama. Boay alitaka kuweka magunia ya mahindi nikamkatalia."

"Alinikatalia kwa fimbo," Boay alisema.

Resti alicheka. Alitamani sehemu ile ya ukuta kuliko alivyowahi kutamani mume.

Mama alipoinuka kwenda kuongea na mlinzi wa lango, ambaye alikuwa mtoto wa rafiki yake na kwa hiyo alistahili kuulizwa habari za ukoo mzima, Resti alisogea karibu na waya.

"Boay. Yule maksai mwekundu amevaa hereni ngapi?"

Boay alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini mbele ya dada yake alikuwa na uso wa mtu aliyekutwa jikoni na mkono chunguni.

"Mbili," alisema.

"Na mtamba mweusi yuko wapi?"

"Nilimpeleka kwa rafiki yangu Gidamis. Bondeni."

Resti hakushangaa, hilo ndilo lililomtisha. Bondeni kulikuwa nje ya uzio wa uwanda, na kupe wa huko hawakuwahi kuondolewa. Kwao mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote mahali pamoja. Mmoja yuko kwa rafiki, wawili kwa shemeji ng'ambo ya mlima, ili likija baya lisiwakute wote nyumbani. Rafiki anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anapata ndama, na wote wawili wanakuwa na mtu wa kumkimbilia mwaka wa njaa. Ni jambo la siri nusu, kwa sababu kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni utovu wa adabu. Baraza lilipokuja na hereni zake zenye kuhesabu, watu walizipokea kwa heshima, wakawavisha ng'ombe. Siku ya kumpeleka mtamba kwa rafiki, walimvua hereni na kumvisha maksai aliyebaki, ili wageni wasikose hesabu yao na mwenyeji asiaibike. Hakuna aliyeona kwamba amedanganya. Waliona wameficha idadi, kama baba zao walivyoficha.

"Alivukaje uzio?"

"Kwenye korongo la mawe. Droni haziingii mle, upepo unazirusha." Boay alimeza mate. "Nilipeleka watatu, Resti. Si mmoja. Wale wawili hereni zao wamevaa mbuzi."

"Wako hai?"

"Hawakumaliza mwezi. Gidamis alisema walianza kuvimba chini ya masikio, hapa, vinundu vikubwa kama viazi. Halafu homa, halafu povu puani. Wake mwenyewe, walewale wa zizi moja, hawakuguswa. Akafikiri ni husuda. Alilia, yule mzee. Akataka kunifidia, nikakataa."

"Si husuda."

"Najua si husuda. Sasa najua, kwa jinsi unavyonitazama."

"Na wa kwake? Kuna wa bondeni waliopanda huku?"

Boay alitazama kule langoni. "Sisi bado. Wengine wamepokea. Wanawapaka mafuta ya taa kabla ya kuwapandisha." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Si wote wanaopaka."

Resti alishika waya kwa mikono miwili. Alimwona mama yake kule langoni anacheka na mlinzi, mkono kwenye bega lake.

"Nisikilize," alisema. "Siku ukiona ndama amevimba chini ya sikio, usimwambie mtu wa Baraza. Njoo kwangu, popote nilipo. Na usije na ng'ombe."

"Si utakuwa nyumbani?"

Resti aliuachia waya, akarudi ndani.

3

Alikaa siku mbili na kompyuta. Ukishajua unachotafuta, kinaonekana kila mahali: ng'ombe wawili wanaopumua mdundo mmoja, ng'ombe watatu wanaolala ubavu mmoja, mtamba anayepanda jiwe ambalo mbuzi tu angelipanda. Alipofika jozi mia mbili na kumi na moja aliacha. Karibu kila kaya ya uwanda ilikuwa na rafiki bondeni.

Kisha akampigia Dakta Kasiga, mkuu wa mradi, aliyekaa mjini. Alikuwa mtu mwema, na Resti alitamani angekuwa mbaya ili mambo yawe mepesi.

"Dakta, nina swali la kijinga."

"Uliza. Nimeyasikia tangu asubuhi, moja zaidi halitaniua."

"Ng'ombe wetu akishuka bondeni leo, inakuwaje?"

"Anakufa," Kasiga alisema bila kusita. "Zamani ndama waliumwa na kupe wakiwa wadogo. Wengine walikufa, waliopona wakakaa na kinga maisha yao yote. Hawa wetu wamezaliwa baada ya Mkato. Miili yao haijawahi kuonja ndigana. Ndiyo maana tuna uzio."

"Na kupe wa bondeni akipanda?"

"Atapandaje? Hereni zinahesabu, droni zinaona. Miaka kumi, Resti, hakuna aliyevuka hata mmoja. Takwimu ninazo hapa mezani."

"Lakini akipanda."

Alimsikia anavuta pumzi. "Atakuta nyumba tupu. Madume ya Mkato yaliisha, hakuna wa kumzuia. Tutaachia mengine. Miaka mitatu, minne, tunawamaliza tena."

"Na ndani ya hiyo miaka mitatu?"

"Ndani ya hiyo miaka mitatu hakuna ng'ombe." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyewahi kuliwaza jambo hilo na kuamua kulala. "Kuna chanjo, lakini unaijua. Inatokana na kupe hao hao: unampa ng'ombe ugonjwa huo huo pamoja na sindano ya kuupunguza nguvu. Ndigana ya bondeni ukiichanja inawaua hawa wetu hata kwa sindano; ya Endalaghe ni nyepesi, na inakinga dhidi ya zote mbili. Ya Endalaghe unayo wewe tu, humo ndani. Nililisema hilo kikaoni. Niliwaambia tusichome. Wakaniuliza nina ushahidi gani kwamba tutaihitaji. Sikuwa nao. Wewe unao?"

Karatasi mia mbili na kumi na moja zilikuwa mezani, mbele ya Resti, zimepangwa vizuri.

"Mtu akipatikana amevusha ng'ombe," aliuliza, "sheria bado ni ileile?"

"Ileile. Zizi lake lote linachinjwa, na mazizi yote yanayopakana nalo. Halafu yanayopakana na hayo, kama walichunga pamoja. Mimi mwenyewe niliipinga, lakini wafadhili waliitaka." Akaongeza, "Kwa nini unauliza?"

Uwanda mzima ulichunga pamoja. Resti alipiga hesabu kichwani mara mbili, akitumaini amekosea. Akisema, Baraza lingeamini, Chumba kisingechomwa, na ng'ombe wa kuchanjwa wangekuwa wamekwisha kuchinjwa wote kwa sheria, kuanzia na wa mama yake. Asiposema, majike yangeungua siku ya Jumamosi, na siku moja, mwaka huu au mwaka wa tatu, ndama mmoja angevimba chini ya sikio.

Palikuwa na njia ya tatu, na alikuwa ameiona tangu pale kwenye uzio. Aliichukia.

"Sina, Dakta," alisema. "Nilitaka kujua tu. Na nina ombi. Kengele. Barua inasema naye achinjwe."

"Ni tahadhari tu."

"Ugonjwa bila kupe hauendi popote. Ni barua isiyo na tarishi. Uliwahi kusema mwenyewe. Nipe yule ng'ombe, Dakta. Ndiye niliyekaa naye."

Resti alijua Kasiga anamhurumia, akaiacha huruma ile imfanyie kazi. "Hawezi kukaa uwandani," Kasiga alisema. "Baraza halitakubali ng'ombe aliyewahi kuugua awe karibu na wengine. Kuna kile kibanda cha walinzi wa msitu kule ukingoni, nje ya uzio. Hakuna mfugo nusu siku ya mwendo. Lakini wewe si unakwenda nyumbani?"

"Niandikie kibali tu," Resti alisema.

4

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kudanganya hesabu ya hata kupe mmoja. Kila siku aliwahesabu, akaandika waliokula, waliotaga, waliokufa. Wiki ile aliandika kwamba wamekufa majike sitini na madume arobaini, kwa ukungu wa mitungi. Aliandika bila kusita, na jambo hilo lilimuudhi kidogo.

Aliiteremsha kengele kutoka kwenye msumari. Ilikuwa ya chuma, ya ukubwa wa ngumi mbili. Aliukata ulimi wake wa kugonga, akaweka ndani vichupa vinne vya kupe vilivyozungushiwa pamba yenye unyevu, akaziba mdomo kwa ngozi na gundi. Akamvisha ng'ombe wake. Kengele alinusa mkono wake, akatulia.

Siku ya Jumamosi lilikuja gari la Baraza na watu wawili wenye mashine ya moto. Walikuwa vijana wachangamfu. Walikagua daftari, wakahesabu mitungi, hesabu ikaoana. Walimkagua ng'ombe masikio, tumbo, chini ya mkia, kwa kioo cha kukuzia, wakasema ni safi, na alikuwa safi kweli. Hakuna aliyeangalia kengele. Nani anakagua kengele ya ng'ombe?

Chumba kiliungua kwa dakika arobaini. Mitungi ilipasuka mmoja mmoja. Resti alisimama akatazama, na ingawa alijua kilichobaki, alilia, kwa sababu ni kazi ya mikono yake, na kwa sababu wale vijana wawili walikuwa watu wa kwanza kusimama karibu naye kiasi cha kugusana bega tangu mwaka jana.

"Sasa unakwenda kupumzika, Mama," mmoja alimwambia.

Siku kumi na nne alizikaa kama ilivyotakiwa, ndani ya uzio, ng'ombe amefungwa nje chini ya mti na kengele yake. Siku ya kumi na tano mama yake alikuwa kwenye jiwe tangu jua linachomoza. Alikuwa amevaa shuka jipya. Ngozi ya ndama ilikuwa mapajani mwake, maana wiki zote hizo Resti alikuwa akimwambia asiipitishe uzioni, atakuja kuilalia nyumbani. Alimwambia hivyo kwa kukosa ujasiri.

"Siji, Aayo," alisema.

Mama aligeuza sikio. "Hujamaliza siku?"

"Nimemaliza. Nimepewa kibanda ukingoni. Na ng'ombe pia nimepewa."

"Mlete."

"Haruhusiwi uwandani."

"Basi mwache, uje wewe."

"Sitamwacha."

Uso wa mama, ambao Resti alikuwa ameujifunza kwa hatua nane kwa miaka kumi na moja, ulibadilika taratibu. Kumwambia ukweli kungechukua maneno matano. Lakini mama angemwambia Boay, na Boay akinywa pombe ya asali huambia hata miti. Na siku Baraza lingejua, mama angekuwa mtu aliyejua.

"Miaka yote nimekuwekea nafasi," mama alisema, "unachagua ng'ombe mzee asiye na maziwa."

"Ndiyo, Aayo."

Resti alitoka langoni, akamfungua Kengele, akamvuta kupita mbele ya uzio kuelekea njia ya ukingoni. Mama aliwasikiliza wakipita.

"Ng'ombe wako amevaa kengele isiyolia."

"Imekatika ulimi."

Mama alisimama, akapapasa mpaka akaufikia uzio, akaitundika ngozi kwenye waya, upande wa nje, akaondoka bila kungoja mkono wa Boay. Resti aliichukua ngozi walipokwisha kupotea mlimani. Ilikuwa bado na joto la mapaja yake.

5

Kibandani hapakuwa na mtu wa kumwambia habari ya asubuhi. Upepo wa ukingo ulivuma kuanzia saa tatu mpaka jioni. Resti alilima mboga, alimkatia Kengele majani, alimvisha mifuko masikioni, na kupe walikula, wakataga, wakaanguliwa, mpaka ile mitungi sita ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe ikajaa. Alilalia ngozi ya ndama. Kuna siku alijikuta anamjibu ng'ombe swali ambalo ng'ombe hakuuliza. Kuna siku alijiuliza kama hakukosea, kama uwanda haungebaki salama miaka yote, na yeye akafa pale ukingoni kichaa aliyemkimbia mama yake na chupa za wadudu. Siku hizo zilikuwa mbaya kuliko nyingine.

Zilipita mvua mbili. Baada ya mvua ya pili, asubuhi, alimwona mtu anapanda peke yake, bila fimbo ya kuchungia. Boay alisimama kwa hatua nane kutoka mlangoni, bila kuambiwa.

"Ndama amevimba," alisema. "Chini ya sikio. Na wa jirani wawili."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Sijamwambia mtu."

"Ana homa?"

"Anachemka."

Mtu anaweza kungojea jambo kwa miaka miwili, na likija akakosa pa kuliweka. Resti alishika mhimili wa mlango. "Aayo anajua umekuja?"

Boay alivua kofia. "Aayo alifariki mwezi wa tatu. Kifua. Tulitaka kukuita, akakataa. Alisema ukishuka utaleta kile unachokilinda."

"Alisema nini?"

"Nami sikumwelewa. Alisema kengele iliyokatika ulimi hugongagonga shingoni, tupu, tok, tok. Ya kwako ilikuwa nzito. Alisema hakuna mtu anayejaza kengele bila sababu, na kwamba wewe hujawahi kupenda ng'ombe kiasi hicho." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Aliniapisha nisimwambie mtu. Nimekaa na hilo miezi mitano, Resti, na sijainywa pombe ya asali hata tone. Alisema siku ndama akivimba, niende kwa Resti, nimwambie: Aayo amesema fungua kengele."

Resti alikaa chini pale mlangoni. Alilia kwa sauti, mikono imelala mapajani, na Boay alisimama kwenye hatua zake nane akiizungusha kofia, hajui kama sheria ile bado ipo. Mwishowe akazivuka zote, akachuchumaa karibu na dada yake, akamshika bega.

Baadaye Resti alijipangusa uso kwa kiganja. Ndani ya kibanda, chini ya kitanda, palikuwa na sindano na dawa alizokuwa akijiwekea kidogo kidogo. Kupe watatu kwa kila sikio, na sindano siku hiyohiyo, kabla ugonjwa haujashika nguvu. Wengine wangekufa. Wengi wangepona, na wangekaa na kinga, na ugonjwa ungelala kwenye damu yao kama ulivyolala kwenye damu ya Kengele. Uwanda usingekuwa safi tena maisha.

"Ndama wangapi ambao hawajavimba bado?" aliuliza.

"Wetu wanne."

"Na wa majirani?"

Boay alionyesha kushangaa. "Sijui. Unajua mtu huwezi kumuuliza mwenzako hivyo."

Resti aliinama akauvuta mtungi wa kwanza.

"Safari hii uliza," alisema.